Mbwa wa polisi si mali tu

Kaka, umeuliza kama mtu akimkata panga mbwa wa polisi kesi inakuwa ya kuharibu mali tu. Hapana. Sheria yetu Tanzania ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, awe wa serikali au mbwa koko wa Mikindani.

Uingereza ndiko kulikokuwa na pengo. Finn, mbwa wa polisi, alichomwa kisu mjini Stevenage mwaka 2016 akimlinda askari wake, na kujeruhiwa kwake kukashtakiwa kama uharibifu wa mali. Inauma sana. Wananchi wakapiga kelele hadi ikapatikana sheria ya 2019: mshtakiwa hawezi tena kusema kirahisi kwamba alikuwa anajihami dhidi ya mbwa aliye kazini na askari wake.

Ila mimi naona ulinzi uanze kabla ya panga. Msimu wa korosho nilimwona mbwa mmoja wa polisi hapa Mtwara akikagua mizigo, saruji inaunguza, ulimi nje. Askari wake akavua kofia, akaijaza maji, akamshikia mpaka akamaliza.