Jibu: Mteja hayupo, niandike nini kwenye bordero?
Ndugu mpeleka mizigo, umeuliza kama neno "hayupo" linatosha kwenye bordero (karatasi ya kukabidhi mzigo). Halitoshi. Bosi akilisoma kesho hatajua kama ulifika kwa mteja kule Katuba ama ulibaki mjini ukinywa chai. Andika saa, mahali na ulichokikuta: "Saa 9:40 alasiri, lango la bluu, kufuli nje. Simu mara mbili, imezimwa. Jirani muuza makaa asema amesafiri Likasi. Koli imerudi depo." (Koli ndiyo mzigo wenyewe.) Piga na picha ya lango, namba ionekane kama ipo (hapa Lubumbashi milango mingapi ina namba?).

Akipokea mtu mwingine, chukua jina, uhusiano wake na mteja, na saini yake mwenyewe. Usimsainie, kesi nyingi huanzia hapo.

Katoni ikiwa imelowa, ipige picha kabla ya kuikabidhi.

Anayekataa kulipa usimwandike "hayupo". Andika "amekataa", na sababu kwa maneno yake. Asiyekuwepo anapelekewa tena, aliyekataa mzigo wake unarudi kwa aliyetuma. Ukichanganya, kesho utatumwa kwa mtu yuleyule aliyekufukuza, na mafuta ya pikipiki ni yako.