Kwa mwalimu anayechoka kabla juma halijaanza

Mwalimu mwenzangu, umeeleza kwamba uko katika mwaka wa nne wa kufundisha, kwamba kila Jumapili jioni tumbo hukusokota ukiikumbuka Jumatatu, na kwamba likizo iliyopita ulilala karibu muda wote lakini ukarudi shuleni ukiwa bado umechoka. Umeuliza ufanye nini kila siku ili usiishiwe nguvu kabisa, na kama hali hiyo ni ishara kwamba hukuumbiwa kazi hii. Nina miaka 19 darasani, na katika mwaka wa 11 nilifika hapo ulipo. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu wakati ule nilitamani sana mtu aketi anijibu hivyo.

Kwangu uchovu haukuja kwa kishindo. Mwaka ule nilikuwa na vipindi 28 kwa wiki, nilikuwa mwalimu wa darasa, nilishika zamu kama wenzangu, na juu ya hayo nilikuwa nimekubali kusimamia mitihani kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza. Kila jioni nilibeba rundo la madaftari kwenda nalo nyumbani, nikajikaza kisabuni, nikijiambia kwamba muhula ukiisha nitapumzika. Dalili ya kwanza haikuwa kukosa usingizi wala kuumwa kichwa, bali lugha yangu mwenyewe: nilianza kuwataja wanafunzi kwa mahali wanapokaa, "yule wa dirishani", "wale wa nyuma", ilhali majina yao yote niliyajua. Kisha siku moja binti mmoja mkimya alinifuata mwisho wa kipindi akiwa ameshika daftari, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, ulisoma nilichoandika?" Insha yake ilikuwa na alama ya vema na saini yangu, nami sikuwa nimesoma hata sentensi moja. Alikuwa ameandika juu ya kifo cha babu aliyemlea. Nilimwomba radhi, nikaisoma palepale nikiwa nimesimama, na jioni ile nikakiri kwa mara ya kwanza kwamba kilichochoka ndani yangu hakikuwa mwili peke yake.

Baadaye nilijifunza kwamba hali ile ilikwisha kuchunguzwa zamani. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliieleza mwaka 1974 baada ya kuiona kwa watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa katika kliniki ya bure mjini New York, naye mwenyewe ilimpata. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo chake chenye sehemu tatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuanza kuwaona watu unaowahudumia kana kwamba ni vitu, na kuhisi kwamba kazi yako haizai kitu. Niliposoma sehemu ya pili niliwakumbuka "wale wa nyuma", nikaona aibu, lakini pia nilipata nafuu kujua kwamba sikuwa nimegeuka kuwa mtu mbaya. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, halikuiita hali hii ugonjwa, bali lilisema inatokana na msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haujadhibitiwa vizuri.

Neno "kazini" ndilo ninalokuomba ulishike. Ikiwa uchovu huu hutengenezwa ndani ya siku ya kazi, kinga yake nayo yapasa iwekwe ndani ya siku hiyohiyo, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kuwa tunaahirisha mapumziko hadi likizo. Mwaka 1997 watafiti Mina Westman na Dov Eden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi waliokwenda likizo: uchovu wao ulipungua walipokuwa mapumzikoni, lakini wiki tatu baada ya kurejea ulikuwa umerudi palepale ulipokuwa. Kwa hiyo likizo yako haikushindwa kwa sababu uliitumia vibaya. Ulirudi mahali palepale, kwa mtindo uleule wa kazi.

Tuanze na darasani kwenyewe. Philip Jackson, aliyechunguza maisha ya madarasa ya shule za msingi nchini Marekani, aliandika mwaka 1968 kwamba mwalimu anaweza kuwasiliana na wanafunzi mmoja mmoja hadi mara 1,000 kwa siku: huyu anaomba ruhusa, yule anauliza, mwingine anahitaji kukanywa. Kila tukio ni dogo, lakini kila moja linadai uamuzi. Nilipolitambua hilo niliacha kushangaa kwa nini saa kumi jioni nashindwa kuamua hata nguo ya kuvaa kesho. Nikaanza kutafuta mahali pa kupumua ndani ya kipindi. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliona katika miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri takriban sekunde 1 tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi huwa marefu na hata wale wasiozoea kujibu hujitokeza. Nilijilazimisha kuhesabu moyoni hadi tatu. Wanafunzi walianza kufikiri kwa sauti, nami nikapata vituo vifupi vya ukimya ambavyo sikuwa navyo kwa miaka kumi.

Sauti ni jambo ambalo walimu hulipuuza mpaka siku inapokatika. Nyuzi za sauti hupigana zaidi ya mara 100 kwa sekunde mwanamume anapozungumza, na karibu mara 200 kwa mwanamke, kwa hiyo kipindi kimoja cha kupaza sauti ni kazi nzito kwa viungo vidogo mno. Katika utafiti uliofanywa katika majimbo ya Iowa na Utah nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2004, asilimia 57.7 ya walimu walisema wamewahi kupata tatizo la sauti, wakati kwa wasio walimu ilikuwa asilimia 28.8. Mimi niliacha kushindana na kelele: nasimama katikati ya darasa, nainua mkono, nasubiri. Siongei nikiwa nimeukabili ubao, kwa kuwa sauti inayopiga ukuta hulazimika kupazwa. Nina chupa ya maji mezani, na sauti ikikwaruza sinong'oni, kwani kunong'ona kwa nguvu nako huzichosha nyuzi hizo. Kukwaruza kukiendelea kwa wiki tatu au nne, nenda kwa daktari.

Sasa nije kwenye kusahihisha, ambako nadhani ndiko walimu wengi wenye moyo wa kazi wanakoumia. Niliamini kwamba kila daftari lisilo na wino wangu mwekundu ni deni, hivyo nilisahihisha kila kosa, nikaweka alama, kisha nikaandika maelezo, na wanafunzi wakatazama alama na kulifunga daftari. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha jaribio ambamo wanafunzi waliopewa maelezo peke yake waliendelea vizuri zaidi katika kazi iliyofuata kuliko waliopewa alama peke yake, na pia kuliko waliopewa vyote viwili pamoja. Lilikuwa jambo gumu kulipokea, kwa maana nusu ya usiku wangu ilikuwa imekwenda katika kuandika maelezo ambayo alama iliyokaa kando yake iliyafunika.

Nilibadilisha mambo hatua kwa hatua. Mazoezi ya kawaida tunasahihisha pamoja darasani, kila mmoja akilinganisha jibu lake na lililo ubaoni na kuandika kwa maneno yake alipokosea. Katika insha, nawaambia mapema ni jambo gani moja nitakaloliangalia wiki hii, labda mpangilio wa aya, na ndilo ninalolisahihisha. Kila wiki nachukua robo ya madaftari ya darasa na kuyasoma kwa kina, nikiandika maelezo bila alama, hivyo kila mwanafunzi husomwa kikamilifu mara moja kwa mwezi. Wanapoandika, napita kati yao na kusoma begani mwa mwandishi, kwa kuwa sentensi mbili zinazosemwa wakati kalamu ingali mkononi zinafaa kuliko ukurasa mzima unaofika siku tano baadaye. Nilihofia kwamba nawadhulumu. Kinyume chake, sasa nasoma kweli, na tangu nianze utaratibu huu sijawahi tena kutia saini kitu ambacho sijakisoma.

Kuhusu Jumapili yako, nakushauri uanzie Ijumaa. Akili hushikilia kazi isiyokamilika na kuirudisha mbele yako unapotaka kulala. Wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba si lazima kazi ikamilike ndipo mawazo yaachie. Mara nyingi yatosha kuiwekea mpango mahususi. Mimi hutenga dakika kumi za mwisho kabla ya kutoka shuleni, kila siku bila kukosa. Naandika mambo matatu ya kesho, nikieleza nitaanza na lipi, saa ngapi, na kwa hatua ipi ya kwanza. Sitoshelezwi na "andalio la somo". Naandika "kipindi cha pili, kufungua ukurasa fulani na kuchagua maswali manne". Nafuta ubao, naweka vifaa vya kipindi cha kwanza juu ya meza, nafunga mlango. Sabine Sonnentag, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi juu ya namna watu wanavyorejesha nguvu baada ya kazi, anasisitiza kujitenga na kazi kimawazo, yaani kutokuwa kazini hata akilini. Bila zile dakika kumi nilikuwa nikiondoka na miguu tu.

Madaftari hayaendi nyumbani isipokuwa siku mbili nilizozichagua, na hata siku hizo kwa dakika 45 zinazohesabiwa na saa. Simu nayo ina mpaka: mwanzoni mwa mwaka nawaeleza wazazi kwamba ujumbe unaofika baada ya saa kumi na mbili jioni utajibiwa asubuhi, isipokuwa mtoto yuko hatarini. Hakuna mzazi aliyewahi kulalamika. Niliyekuwa mgumu kukubali ni mimi.

Ya mwili nitayapitia haraka kwa kuwa unayajua: watu wazima wengi wanahitaji usingizi wa angalau saa saba, kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, hivyo kikombe cha jioni kinakufuata kitandani, na chakula cha mchana kiliwe ukiwa umeketi, bila kalamu mkononi. Tafuta pia jambo moja la kujifunza lisilohusiana na shule. Mimi nilijifunza kushona, na kule kuwa mwanafunzi tena, nikikosea na kufumua, kulinipumzisha kuliko kulala mchana kutwa.

Hata hivyo, ningekudanganya kama ningeishia hapa. Hakuna unywaji wa maji wala dakika kumi za jioni zitakazofidia mzigo ambao mtu mmoja hawezi kuubeba, na inaniuma kuona walimu wakishauriwa wavute pumzi ndefu siku ileile wanapoongezewa jukumu jingine. Nilichofanya mimi ni kuandika kwa wiki mbili kila kazi niliyoifanya na muda wake. Nilipojumlisha nikapata saa 57 kwa wiki. Nikaenda na karatasi ile kwa mkuu wa shule, na badala ya kusema "nimechoka", niliuliza, "Katika haya, lipi niliweke chini ili mengine niyafanye vizuri?" Mara ya kwanza niliambiwa nijitahidi tu. Nilirudi baada ya wiki tatu na karatasi ileile, safari hii nikiwa na mwenzangu mwenye orodha yake, na usimamizi wa mitihani ukagawanywa kwa watu watatu. Nenda mkiwa wawili kama inawezekana. Huyo mwenzako pia atakufaa kwa mazungumzo ya kila siku, mradi mkubaliane, kama sisi tulivyokubaliana, kwamba baada ya dakika kumi za kulalamika mnahamia kwenye somo la kesho. Bila hivyo ofisi ya walimu huwa mahali pa kuchochea uchovu.

Sasa swali lako la pili. Sidhani kwamba unaweza kujua kama kazi hii ni yako wakati huu ambapo umechoka hivi na mzigo haujapunguzwa. Punguza kwanza, kwa muhula mzima, kisha jiulize kama katika wiki kuna kipindi hata kimoja unachokisubiri kwa hamu. Mimi hata katika mwezi wangu mbaya kabisa nilikuwa nacho, kipindi cha Alhamisi asubuhi, na kilinitosha kubaki. Ukikosa kabisa baada ya hapo, kuhamia kazi nyingine si aibu. Lakini kama kwa wiki mbili au zaidi huzuni imekuwa nawe karibu kila siku, na hata mambo ya nje ya shule uliyoyapenda hayakupi raha, mwone daktari, kwa sababu huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, ambao una tiba yake. Na kama umewahi kufikiria kujidhuru, usisubiri hata kesho. Mwambie mtu wa karibu leo hii na uende naye hospitali.

Kama hali haijafika huko, anza na Ijumaa hii peke yake. Dakika kumi kabla ya kutoka, andika mambo matatu ya Jumatatu, panga vifaa vya kipindi cha kwanza, uliache rundo la madaftari kabatini. Kisha Jumapili usiku uje utueleze tumbo limekuwaje.