Mjusi wa ndevu amegoma kula: dirisha si jua

Swali: Daktari, kijana wangu anafuga mjusi wa ndevu, wale wa Australia. Ana miezi minane na leo ni siku ya tisa hajala. Panzi akipita mbele yake anamtazama tu. Taa hatukununua kwa sababu Kenya ni nchi ya joto, na kutwa nzima tunamweka dirishani apate jua. Kwenye agroveti wametuuzia ivamektini ya ng'ombe, eti ni minyoo, pamoja na vitamini za kuku. Tumeanza pia kumlisha uji kwa sirinji. Tuongeze nini? (Baba, Section 58, Nakuru)

Jibu: Baba, msiongeze kitu. Punguzeni, mkianza na hiyo sirinji. Mjusi hatengenezi joto lake kama sisi. Tumbo lake hufanya kazi kwa joto analoota. Uji mnaomsukumia akiwa baridi unachachia humo humo, na ukipotea njia ukaingia kwenye mapafu mtamuua kwa huruma zenu. Joto kwanza, halafu maji, chakula baadaye.

Sasa hii "Kenya ni nchi ya joto" ndiyo inayonichosha. Kenya ipi? Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai wewe mwenyewe hutoki bila jaketi. Mjusi huyu anataka pembe moja ya kizimba iwe na nyuzi 38 hadi 42 za kuota, upande wa pili uwe na kama 25 akimbilie akitosheka, na usiku pasishuke chini ya 18. Hakuna sebule hapa mjini inayofika 38, hata Februari.

Na dirisha ndilo linalodanganya watu zaidi. Kioo hupitisha mwanga lakini huzuia miale ya UVB. Bila miale hiyo ngozi haitengenezi vitamini D3, na bila D3 kalisiamu haifyonzwi vizuri, basi mwili unaanza kuichota kwenye mifupa. Kwa habari ya UVB, mjusi wenu ni kama amekaa kabatini. Mguse taya polepole. Likibonyea kama mpira, au mkiona miguu inatetemeka, msingoje joto wala maji, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo.

Linaloniudhi ni kwamba jua lenyewe liko nje ya mlango wenu, bure, na la Ikweta! Saa nne asubuhi mtoeni kwa nusu saa kwenye kizimba cha waya chenye kivuli upande mmoja, mtu akae hapo kwa sababu ya mwewe. Msimtoe akiwa ndani ya tangi la kioo, ataiva. Ndani ya nyumba nunueni balbu ya kuotea joto na mrija wa UVB, ambao hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12 hata kama bado unawaka. Stima ikipotea, chupa ya maji moto iliyofungwa taulo itamvusha usiku. Nunueni na kipimajoto. Ile bastola ya korona ya kupimia paji la uso haitawafaa, haisomi baridi.

Akishapata joto siku mbili tatu, muogesheni maji ya vuguvugu yanayofika kifuani, kisha mpeni funza wa nzi askari mweusi, wale wanaofugwa kwa chakula cha kuku. Wana kalisiamu nyingi. Sukuma wiki iliyokatwa ndogo pia ni sawa.

Nije kwa ivamektini. Ile ya ng'ombe ina miligramu 10 kwa kila mililita, na dozi ya ng'ombe ni miligramu 0.2 kwa kilo. Chukua mjusi wa gramu 300: hata kwa kipimo hicho angehitaji mililita 0.006. Tone moja tu ni karibu mililita 0.05, yaani mara nane. Nani kwenye kaunta alipiga hesabu hiyo? Nani aliona kinyesi akasema kuna minyoo? Dawa hiyo hiyo humuua kobe, na bado watu huuziwa. Sungura naye akinyweshwa penisilini anaharisha hadi kufa, na aliyeiuza hana habari. Duka la dawa si kliniki, na mtu wa WhatsApp mwenye picha ya mamba si daktari. Muulizeni nambari yake ya usajili ya Kenya Veterinary Board. Akianza kukasirika, mmeshapata jibu.

Mpimeni kwa mizani ya jikoni kila asubuhi mwandike. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzani wake, au ndevu zikibaki nyeusi, au macho yakizama, leteni mjusi, kinyesi kibichi kwenye kikopo safi na karatasi ya uzani. Na ile chupa ya ivamektini pia, nijue mmempa kiasi gani.