Mkwe wako hamharibu mtoto

Shangazi, nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Mwanangu wa kiume ana miaka minane, anapiga wenzake shuleni, na akikatazwa anarusha vitu. Mama mkwe tunayeishi naye ndiye anayemdekeza. Nikimchapa anakimbilia kwake. Juzi dagaa wangu walinyeshewa. Nimefika nyumbani nimechoka, mtoto akaanza kulilia hela ya chipsi, nikarusha simu ikapasuka. Mume wangu hasemi kitu, anatoka tu. Nataka mkwe arudi kwao Ukerewe. Nimwambieje mume?

Mwanangu, pole. Dagaa wakilowa mtaji umeondoka, najua.

Lakini umeandika mtoto anarusha vitu, na hapohapo wewe umerusha simu. Kajifunza kwa nani? Bibi yake hujasema amewahi kurusha hata kijiko. Na ile hela ya chipsi hujasema iliishaje: nahisi ulimpa, tena baada ya kumchapa, roho ilipokuuma. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Marekani, alichunguza familia majumbani mwao akaona hilohilo: mtoto anapiga kelele, mzazi anafoka, mtoto anazidisha, mzazi anachoka anaachia. Kesho yake wanaanza kwa sauti kubwa zaidi, na mtoto anakwenda nayo shuleni.

Mkwe wako simwoni na kosa. Mtoto aliyechapwa hukimbilia penye utulivu. Nyie wake wa siku hizi, mkwe akimpakata mjukuu amemdekeza, akinyamaza ana roho mbaya! Alfajiri ukiwa mwaloni, nani anamwogesha huyo mtoto? Mumeo naye aache kukimbia kelele, akae na mwanawe.

Ukitoka mwaloni, oga kwanza, kaa uani na mkwe wako, mweleze siku ilivyokwenda mpaka moyo utue. Kisha mwambie mtoto: "Leo dagaa wamelowa, nina hasira, lakini si kwa sababu yako." Naye mfundishe kuyasema ya kwake. Akirusha kitu, akiokote, na chipsi siku hiyo hakuna, hata alie mpaka Isha. Siku za mwanzo atalia zaidi. Asilegee mtu, bibi wala baba. Na kwa kumchapia hasira za mvua, muombe radhi.

Akiendelea kuumiza wenzake, nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya mtoto, haina malipo.

Ukerewe mkwe wako aende kusalimia ndugu tu, na nauli ya meli umpe wewe, ya kwenda na kurudi.