Maswali yenu kuhusu braciole za Napoli

Tangu niandike juu ya braciole, ile nyama ya ng'ombe inayoviringishwa na jibini, zabibu kavu na kitunguu saumu ndani, kisha ikakaangwa kwenye mafuta na kupikwa kwa saa kadhaa kwenye mchuzi wa nyanya, maswali hayajakatika. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Nimetafuta picha ya braciola, nimeona chopsi yenye mfupa. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea. Jina linatokana na *brace*, yaani makaa ya moto, na sehemu kubwa ya Italia braciola ni kipande cha nyama cha kuchoma, mara nyingi na mfupa wake. Ukishuka kusini, jina hilohilo ni nyama ya kuviringisha. Bari wanaiita *brasciola*, na desturi yao ya zamani ni kutumia nyama ya farasi. Messina, kule Sicilia, ni vipande vidogo vyenye chenga za mkate ndani, vinatungwa kwenye vijiti na kuchomwa kama mishikaki. Mimi napika ya Napoli, na majibu ya hapa chini ni ya hiyo.

Nilinunua fileti ya bei, nikapika saa nzima, ikatoka ngumu na kavu. Nimekosea wapi?

Pole sana, maana najua bei ya fileti. Umekosea mahali pawili: nyama yenyewe na muda. Fileti ni ya moto mkali na dakika chache. Mchuzini inakauka tu. Buchani omba mnofu wa paja la nyuma, ukatwe vipande vipana vya unene wa nusu sentimita, kisu kikikata nyuzi badala ya kuzifuata. Nyumbani, weka kila kipande kati ya nailoni mbili ukigonge kwa mchi, kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka kiwe kipana kama kiganja pamoja na vidole. Gonga kwa upole. Nyama ikitoboka, vilivyomo vitatokea hapohapo.

Sasa muda. Nyama ya paja ina utando mwembamba unaoshikanisha nyuzi zake. Ikipata moto, nyuzi hujikaza kwanza na kutoa maji, ndiyo maana ukionja baada ya saa moja unakuta ngumu kuliko ilivyoingia sufuriani. Wengi hukata tamaa hapo wakaipua. Ukivumilia, ule utando huyeyuka ukawa ute, na nyama inalegea yenyewe. Hesabu saa 2 kuwa ndiyo mwanzo. Mimi hufika saa 2 na nusu. Uma ukizama bila kusukumwa, imeiva.

Na moto uwe mdogo kwelikweli. Watu wa Napoli wana neno lao, *pippiare*, la mchuzi unaopumua povu moja moja. Simama jikoni usikilize: povu linapanda, linapasuka, kimya kidogo, linapanda jingine. Mimi huegemeza mfuniko juu ya mwiko uliolazwa ukingoni mwa sufuria ili mvuke upate njia. Mchuzi ukichemka kwa fujo, nyama itakauka hata kama imezama ndani yake.

Zinanifungukia kwenye mafuta. Nifanyeje?

Unajaza mno. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila kipande kinatosha, na usifikishe kingoni. Kunja pande mbili ndani kwanza, ndipo uviringishe. Funga kwa uzi mweupe wa pamba au vijiti vya meno, na ukitumia vijiti, vihesabu kabla ya kupika na uvihesabu tena unapovitoa. Mgeni asikutane nacho mdomoni.

Pecorino na mbegu za msonobari sizipati nilipo. Naweza kuweka nini?

Kwa gramu 800 za nyama, mimi hutumia gramu 60 za pecorino iliyokunwa, vijiko viwili vya zabibu kavu, viwili vya mbegu za msonobari, punje mbili za kitunguu saumu, pilipili manga na kitimiri, yale majani yanayofanana na giligilani lakini hayana harufu yake. Pecorino ni jibini ya maziwa ya kondoo na ina chumvi kali, kwa hiyo ndani siongezi chumvi. Ukiikosa, weka jibini yoyote ngumu iliyokomaa. Ile laini huyeyuka yote ikakimbilia mchuzini. Mbegu ukizikosa, ziache. Nimejaribu korosho: si mbaya, ila utamu wake ukikutana na zabibu unazidi.

Zabibu usiziache. Ndizo zinazoipa braciola ya Napoli ladha yake.

Sisi ni Waislamu. Mapishi mengi yanataja divai na nguruwe.

Braciola ya ng'ombe haipungukiwi kitu bila nguruwe. Divai kazi yake kubwa ni kung'oa ile rangi ya kahawia inayoganda chini ya sufuria baada ya kukaanga nyama na kitunguu maji. Kikombe cha supu ya mifupa kinaifanya kazi hiyo vizuri, kisha mimina nyanya. Angalieni jibini pia: Pecorino Romano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo, na Parmigiano Reggiano kwa cha ndama. Tafuteni iliyothibitishwa kuwa halali.

Je, naweza kula na ugali?

Kula, tena bila wasiwasi. Kaskazini mwa Italia wana polenta, ugali wa mahindi ya manjano, nao huula na nyama ya mchuzi. Napoli kwenyewe utaratibu ni mwingine: mchuzi unachanganywa na tambi nene ziitwazo *ziti*, zilizovunjwa kwa mkono, na hiyo ndiyo sahani ya kwanza ya mlo wa Jumapili. Nyama inafuata peke yake. Angalau mara moja jaribu hivyo, uone mchuzi uliokaa saa zote hizo na nyama unavyojitosheleza.

Naweza kuzipika siku moja kabla?

Ndiyo, na kesho yake zinakuwa tamu zaidi. Ziache zipoe ndani ya mchuzi, weka kwenye friji, pasha kwa moto mdogo. Uzi utoe zikiwa bado baridi. Zikiwa moto unang'oka na nyama.