Swali la lugha: Je, kimeng'enya huyeyusha sukari?

SWALI: Natafsiri maelezo kuhusu bakteria wanaotumika kuzalisha kemikali za viwandani. Nimeandika: "Vimeng'enya vya vimelea huyeyusha sukari kuwa viyeyusho kama asetoni." Mwenzangu kanisahihisha, anadai ni "viyeyushi". Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako kapatia, lakini kakuhurumia. Kosa kubwa kalipita.

Tumalizane na viyeyushi kwanza. Irabu -i mwishoni humtaja mtenda: kiongozi huongoza, kiyeyushi huyeyusha. Irabu -o ina mambo mawili: yaweza kutaja chombo, kama kifuniko, au zao la tendo, kama wimbo. Ukiandika "kiyeyusho", msomaji atabaki akijiuliza kama ni kile kinachoyeyusha au ule mchanganyiko uliopatikana. Kiyeyushi hakina utata huo.

Sasa kitenzi chako. Kuyeyusha kitu si kukigeuza kuwa kitu kingine. Koroga chumvi kwenye maji mpaka isionekane, kisha yaache maji yakauke: chumvi ile ile utaikuta chini ya chombo. Dondoshea asetoni kwenye rangi ya kucha. Rangi italegea na kutambaa, asetoni itaruka hewani, na rangi itabaki pale ilipotambalia. Imehama tu. Lakini sukari iliyokwisha kuwa asetoni, hata ukikausha vipi, sukari huioni tena. Kwa hiyo sentensi yako imempa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali ndani ya kiumbe hai, kazi ya kiyeyushi, yaani umemvika mzalishaji nguo za bidhaa yake.

Je, tuseme "humeng'enya"? Hapo nasita. Neno kimeng'enya tumelitoa kwenye mmeng'enyo wa chakula, na kwa hatua moja linakaa vizuri kabisa: kipo kimeng'enya kinachoikata asetoasetati, kemikali inayotangulia asetoni, kaboni dioksidi ikatoka na asetoni ikabaki. Ila katika bakteria huyo huyo kipo kingine kinachofanya kinyume, kinaunganisha vipande viwili vidogo kuwa kimoja. Jina limeegemea tumbo, kazi ni pana kuliko tumbo. Mimi huandika "hugeuza", nikimaliza hapo.

Kwa mchakato wote, neno ni kuchachusha, nalo nalipenda kwa sababu moja. Bakteria Clostridium acetobutylicum, ambaye mwanakemia Chaim Weizmann alimtumia Uingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia kupata asetoni ya kutengenezea baruti, haanzi na asetoni. Huanza kwa kutoa asidi, ya asetiki na ya butiriki, mchanganyiko ukawa mchachu kweli kweli. Baadaye ndipo hubadili mkondo, akazichukua tena asidi zile na kutoa asetoni, butanoli na ethanoli, kwa uwiano wa kawaida wa 3:6:1. Kwa maana hiyo anachachusha hata kwa maana ya jikoni, ya kitu kugeuka kikali.

"Vimelea" ondoa. Kimelea huishi kwa kumnyonya mwingine, na huyu anakula wanga na sukari alizowekewa kwenye tangi. Andika bakteria, au vijidudu ukitaka neno pana, ingawa vijidudu huwafanya wasomaji wengine wafikirie homa. Na bakteria nampa upatanisho wa viumbe hai: bakteria hawa wanazalisha. Utakuta pia "bakteria hizi". Sitagombana na mtu kwa hilo, mradi usichanganye yote mawili katika aya moja.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Bakteria hawa huchachusha sukari, vimeng'enya vyao huigeuza, hatua kwa hatua, kuwa viyeyushi kama asetoni."