Maswali ya Wasomaji: Asilimia 118 ya Watoto Imetoka Wapi?

Swali: Habari za kazi, wahariri. Nimeanza kazi ya uchambuzi wa takwimu kwenye ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, hapa Tanzania. Kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, zahanati moja ina uchanjaji wa Penta 3 (dozi ya tatu ya chanjo ya Penta, inayokinga magonjwa matano) wa asilimia 118, na mwezi uliopita Penta 3 ilizidi Penta 1. Ripoti inatakiwa Ijumaa. Nirekebishe vipi?

Jibu: Usiguse namba kabla ya kuona rejesta. Kwanza, hayo ni mambo mawili tofauti.

Asilimia 118 mara nyingi huletwa na idadi ya walengwa, yaani watoto wanaotarajiwa kuchanjwa, ambayo ni makadirio yanayotokana na sensa. Zahanati iliyo karibu na mnada huchanja watoto wa vijiji jirani, ilhali watoto hao wamehesabiwa kuwa walengwa wa kwingine. Jumlisha dozi na walengwa wa zahanati zote za eneo hilo, ukokotoe upya. Kupunguza dozi ili ifike 100 ni kughushi.

Penta 3 kuzidi Penta 1 kwa mwezi mmoja si lazima liwe kosa. Penta 1 hutolewa wiki ya 6 na Penta 3 wiki ya 14, kwa hiyo unalinganisha watoto tofauti. Tazama mwaka mzima. Ikiwa Penta 1 ni 120 na Penta 3 ni 102, walioacha ni 18, yaani asilimia 15. Ikizidi asilimia 10, watoto wanaanza chanjo bila kumaliza, na hilo ndilo la kumweleza mganga mkuu.

Ikiwa hata kwa mwaka mzima Penta 3 bado inazidi Penta 1, hesabu upya dozi kwenye rejesta kwa miezi mitatu, kisha gawa kwa idadi iliyo kwenye mfumo. Rejesta 41, mfumo 47: jibu ni 0.87. Chini ya 0.9, zahanati imeripoti kupita kiasi. Anza na karatasi za huduma ya mkoba, yaani chanjo zinazotolewa vijijini nje ya zahanati. Hujumlishwa mara mbili mara nyingi kuliko unavyodhani. Linganisha pia na PCV 3 (dozi ya tatu ya chanjo ya nimonia), maana hutolewa siku ileile, na leja ya chanjo: Penta 1, 2 na 3 kwa pamoja haziwezi kuzidi dozi zilizotoka kwenye jokofu.

Ijumaa peleka namba kama ilivyo, na maelezo chini ya jedwali.

Swali: Muuguzi anaweza kunitumia picha ya rejesta kwa WhatsApp?

Jibu: Hapana. Ina majina ya watoto na mama zao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda. Mwombe akuhesabie, akutajie jumla kwa simu.